Alisema breki ziliisha kwa sababu ya uzito wangu

"Labda ni uzito, madam."

Naanza na neno hilo kwa sababu tangu siku ile halijanitoka. Mwenye baiskeli niliyokodi ndivyo alivyonijibu kwenye simu, nikiwa nimeketi kwenye majani chini ya daraja la reli, goti likivuja damu. Hakuuliza kama nimeumia. Hakuuliza nilipo. Uzito!

Ilikuwa majuzi, mvua hazijashika. Mimi na binti ya kaka yangu tulitoka Kisumu alfajiri kwa matatu hadi Londiani, tukakodi baiskeli mbili pamoja na kijana wa kutuongoza. Mpango ulikuwa kuteremka na njia za vumbi zinazoandamana na ile reli ya zamani ya Mau, tupite Kipkelion, tufike Fort Ternan.

Nimeitamani safari hii miaka mingi. Nikiwa msichana nilipanda gari moshi la Kisumu kwenda Nairobi sijui mara ngapi, daraja la tatu, tumebanana na vikapu vya samaki. Lakini liliondoka jioni, kwa hiyo milima yote tuliipita gizani. Daraja nililijua kwa sauti tu: mlio wa magurudumu ulibadilika, chini pakawa patupu, na mama akanishika mkono. Kilichokuwa huko chini sikuwahi kukiona.

Sasa nimekiona, na hata kwa hasira niliyo nayo siwezi kudanganya: ni pazuri mno. Kule juu baridi inakuuma masikio, kuna mashamba ya viazi na harufu ya msonobari, kisha kadiri unavyoshuka hewa inapata joto na milima inafunguka mbele yako. Kutoka Mau Summit, zaidi ya mita 2,500, reli inashuka hadi ziwani kwenye mita 1,100 na kidogo. Gari moshi haliwezi kuteremka wima, ndiyo maana walioijenga waliizungusha na kuizungusha kwenye vilima, na pale bonde lilipowakatalia wakainua madaraja ya chuma. Yalikuwa 27, kazi waliyopewa Wamarekani. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Nilikuwa namsimulia yule binti haya tukiteremka, naye akicheka kwa furaha, na saa ile ungeniuliza ningekwambia uza mbuzi uende.

Ila hapo kwenye madaraja ndipo nilipodanganywa. Nilipolipa niliambiwa mteremko ni laini, "unakaa tu, baiskeli inaenda yenyewe." Kwa reli ni kweli. Kwa baiskeli si kweli, na anayefanya biashara hii anajua. Reli inavuka bonde juu ya daraja. Njia ya miguu inaporomoka hadi kijitoni, halafu inapanda upande wa pili. Kijana wetu alitaka tubebe baiskeli tupite juu ya mataruma ili tufupishe. Nilikataa kabisa, nawe ukatae hata ukibembelezwa: reli hii haijafa, ilikarabatiwa, na gari moshi la abiria lilirudi Kisumu Desemba 2021. Kwa hiyo kila daraja ni mporomoko, na kwenye mporomoko uhai wako ni breki.

Bonde la kwanza, breki ya nyuma ililia chuma kwa chuma. Bonde la pili nilibana, mkono wa breki ukagonga mpini, na baiskeli ikazidi kwenda. Ya mbele niliogopa kuibana peke yake nisije nikapinduka. Nikaielekeza kichakani na kuanguka kwa goti na kiwiko.

Ni yule binti aliyeinua gurudumu. "Shangazi, njoo uone." Mipira ya breki ilikuwa imekwisha yote, limebaki bati. Waya ulikuwa umeshikiliwa na nyuzi mbili tatu, na zile zilizokatika zilikuwa na kutu. Kutu! Waya uliokatika asubuhi hiyo hauwezi kuwa na kutu. Na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeishika breki hiyo mbele ya mwenye baiskeli nikamwuliza iko sawa, akasema ameifanyia sevisi jana.

Kaka yangu, baba yake huyu binti, alilea watoto wanne kwa boda ya baiskeli mjini Kisumu. Alibeba wanene, wembamba, mama na mtoto na gunia. Hakuna abiria aliyewahi kuambiwa habari ya uzito wake, na kila asubuhi alianza kwa kukagua breki kabla hajanywa chai. Binti anayajua haya, na alikuwa amesimama pale akisikia shangazi yake akitukanwa kwenye simu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko goti.

Kijana wa kutuongoza sijui nimweke wapi. Hakuwa na spana wala pampu, na hilo ni kosa. Lakini alinipa baiskeli yake, akaisukuma ile mbovu hadi Fort Ternan bila kulalamika, na njiani akaniomba: "Anti, tafadhali usimwambie bosi nilikuwa sina vifaa." Analipwa kwa safari. Nilimpa soda na mandazi, na siku ile sikumtaja. Hata hapa sitaki yeye ndiye aangukiwe na hili.

Fort Ternan mzee mmoja fundi, chini ya mti, alikuwa na mipira ya breki ya Black Mamba pekee, zile baiskeli nzito za chuma. Aliikata, akaisugua kwa tupa mpaka ikakaa, akatia waya mwingine. Aliutazama ule wa zamani kwa muda mrefu, akasema, "Pole mama. Hii haikufaa kupewa mtu." Akaniomba pesa kidogo mno, nikamwongezea akakataa.

Kwa hiyo nendeni? Nilitaka kuandika ndiyo, nendeni, ila na baiskeli zenu. Binti ananiuliza kila wiki tutarudi lini, nami natamani nisimame tena chini ya lile daraja, safari hii nikiwa mzima, nisikilize gari moshi likipita juu. Kukodi kwa yule bwana, hapana. Nilikuwa nimeanza kulegea nikisema labda alikuwa na siku mbaya, mpaka juzi aliponitumia ujumbe kwamba anakata amana yangu kwa sababu pedali imekwaruzika. Pedali ya baiskeli iliyoniangusha. Mpaka naandika haya hajarudisha hata shilingi.