Baiodaijesta yangu ya Kinyerezi, baada ya masika mawili

Kwetu Kinyerezi udongo ni mfinyanzi, haunywi maji. Ndani ya geti tuko watu kumi na mmoja, mimi na wanangu pamoja na wapangaji wa vyumba vya uani. Mwaka niliochoka niliita gari la kunyonya karo mara tano, kila tripu sh. 120,000, na mvua ikishika siku mbili maji yanachungulia tena kwenye chemba. Nikaita mafundi wa baiodaijesta.

Walimaliza kwa siku nne, sh. 1,800,000 pamoja na vifaa. Ni tanki la zege lenye vyumba viwili chini ya ardhi. Uchafu mzito unatulia chumba cha kwanza, na humo bakteria wasiohitaji hewa wanaumeng'enya. Sehemu inageuka gesi na kutokea kwenye bomba lililopanda juu ya paa, na maji yanasogea chumba cha pili hadi kwenye mtaro wa kokoto, yazame ardhini. Kuwaanzisha bakteria, fundi aliomba ndoo mbili za kinyesi kibichi cha ng'ombe kwa jirani anayefuga, akamimina. Hakuniuzia unga wa bakteria wa pakiti, na kwa hilo namshukuru sana.

Wiki tatu za kwanza palinuka. Baadaye harufu ikakata kabisa, na sasa watoto wanacheza juu ya mfuniko.

Ninachowalaumu ni ile ahadi ya "halijai maisha". Bakteria wanakula uchafu, maji hawayanywi. Ndoo mia za kufulia zikiingia, ndoo mia lazima zitoke, na kwenye mfinyanzi zinatoka polepole. Walitaka kunichimbia shimo moja la duara kama la wateja wao wa kwenye mchanga. Nilikataa, tukachimba mtaro wa mita 12, na nina hakika huo mtaro ndio ulioniokoa masika yote mawili. Tope nalo linabaki chini, kidogo kidogo, na mchanga, pedi na nailoni haviozi. Siku moja gari litakuja tu, ingawa si mara tano kwa mwaka.

Mwezi wa tano mpangaji mmoja, dada msafi kweli, alimwaga chupa nzima ya klorini chooni. Harufu ilirudi kesho yake, tukakaa nayo siku kumi, nikaongeza ndoo nyingine ya kinyesi. Dada wa watu hana kosa. Fundi alipaswa kuwakusanya wote wanaotumia vyoo na kuwaambia kwamba mle ndani kuna viumbe hai, sabuni ya kawaida inatosha. Hata mafuta ya kukaangia hakuyataja. Chemba ya kuyanasa nimejengesha mwenyewe baadaye.

Maji yanayotoka yanaonekana meupe, lakini vijidudu vya maradhi na mayai ya minyoo bado vimo. Nimepanda migomba kando ya mtaro, imenawiri. Mchicha siumwagilii, na kisima tulikiacha zaidi ya mita 30.

Nawapa nyota nne kwa tano. Ukiwaita, waambie kwanza wachimbe kashimo, wajaze maji na kukaa kuyatazama yanavyozama, ndipo mzungumze bei.