Bao au drafti, uanze na lipi?

Kijiweni ubishi ni huohuo kila siku. Kwa unafuu wa hela drafti haina mpinzani, unachora miraba 8 kwa 8 kwenye kadibodi, unaokota vizibo 24 vya soda, huyu anavilaza chali huyu kifudifudi, mmeanza. Bao lazima fundi achonge mashimo 32, halafu kete 64 za komwe, zikipotea mbili mnabaki mnatafuta chini ya benchi (sisi tuliwahi kuweka kokoto, aibu tupu).

Kujifunza, drafti jioni moja umeielewa, ila mambo ya king (kete iliyofika mwisho wa ubao upande wa pili) na kula lazima mkubaliane mapema maana kila kijiwe kina sheria zake. Bao sasa ndo lina mambo: unaanza na kete 22 mkononi, unanamua (unaziingiza ubaoni moja moja), zikiisha mnaingia mtaji, yaani mnacheza na zilizo ubaoni tu, bado hujajua lini uilinde nyumba, lile shimo lako maalumu la kuwekea kete nyingi, na lini uivunje, na mzee wa pembeni kashamaliza hesabu yote kichwani wewe bado unahesabu na kidole. Lakini likikukolea, drafti utaiona nyepesi.

Kama una nusu saa tu ya lunch na washkaji, drafti. Kama mtaani kwako kuna mzee mvumilivu, kaa naye kwenye bao.