Seasonic Focus GX-650: kitufe kimoja tu cha nyuma, na mimi nimeshaipenda

Asalaam aleikum, hamjambo, karibuni tena. Leo si prosesa, si kadi ya michoro, ni pawa saplai, kisanduku kinachochukua stima ya ukutani na kuilisha kompyuta. Najua, nusu yenu mshaanza kutafuta video nyengine. Ngojeni kidogo basi! Hili sanduku jeusi ndilo kila mtu hulinunua mwisho, kwa vijisenti vilivyobaki, kisha ndilo linalompigia kelele miaka mitano.

Wageni wa chaneli, mimi niko Amu, mtaa wa Langoni, nyumba ya mawe ya kizamani yenye kuta nene. Gari la kupita na kufunika sauti hakuna. Ikifika saa nne ya usiku mtaa umetulia, unabaki na punda na feni ya kompyuta yako. Na kazi yangu mnaijua: nahariri video za harusi na kurekodi sauti, maikrofoni iko shubiri mbili kutoka kwenye kasha. Feni ikikohoa, imo ndani ya rekodi, na bibi harusi hakulipia feni.

Haya, yenyewe hii hapa. Seasonic, kampuni ya Taiwan, Focus GX ya wati 650, Gold, nyaya zote zinachomoka. Imekuja na basi mpaka Mokowe, ikavushwa na boti, na kasha lake halikubonyea hata pembe. Wati na volti zake zimeandikwa ubavuni, someni wenyewe, sitawasomea lebo.

Ila hilo neno Gold lazima tuliseme, maana madukani linatumiwa vibaya. Alama ya 80 Plus ilianza 2004, na Bronze, Silver na Gold zikafuata 2008. Inapima kitu kimoja tu: katika stima unayoivuta ukutani, kiasi gani kinaifikia kompyuta na kiasi gani kinapotea kuwa joto. Kwa stima ya volti 230, Gold inatakiwa ifikishe asilimia 92 mzigo ukiwa nusu ya wati zake. Wamarekani wanapimiwa kwa volti 115, kwao Gold ni asilimia 90. Sisi wa volti 240 tuko upande mzuri hapo, kwa mara moja.

Sasa sikieni vizuri. Kelele haimo. Hakuna mahali popote kwenye 80 Plus panapopimwa sauti. Mwenye duka akikwambia "hii ni Gold, iko kimya", kakuambia mambo mawili, na stika inathibitisha moja. Wanaopima kelele ni Cybenetics, wako Kuprosi, wana madaraja yao kwa desibeli: A++ ni chini ya desibeli 15, yaani hapo hata mimi na maikrofoni yangu tunanyamaza. Tafuteni jina la mtambo wenu kwenye orodha yao kabla ya kutoa hela. Na orodha ya 80 Plus yenyewe iko wazi mtandaoni. Niliwahi kuuziwa moja, duka silitaji, ina stika ya Gold inang'aa kuliko pete, nikaitafuta kwenye orodha, hamna. Ilikuwa nyepesi kama mkate wa mofa. Pawa saplai nyepesi namna ile, iwekeni chini mwondoke.

Hata hivyo ufanisi na ukimya ni ndugu. Tuseme kompyuta yako inakula wati 300, ndio kama yangu nikiwa natoa video, yaani kuigeuza niliyohariri iwe faili moja: prosesa ya kawaida na kadi ya michoro ya RTX 3060, ambayo peke yake ni wati 170. Kwa Bronze inayofikisha asilimia 88, ukutani unavuta karibu 341. Zile 41 za ziada ni joto, limo ndani ya kasha lako, na wa kulitoa ni feni. Kwa Gold ya 92 unavuta 326, joto ni wati 26. Feni ina kazi ndogo, inazunguka polepole, haipigi kelele. Hapo ndipo Gold inaponilipa mimi.

Kwa tokeni? Hapana, tusidanganyane. Tofauti ni wati 15. Saa nane kwa siku, mwezi mzima, hazifiki uniti nne. Uniti tuiweke shilingi 28 pamoja na makato yake, unaokoa kama shilingi mia moja kwa mwezi. Nilikoulizia mimi, Bronze na Gold za wati sawa zilipishana kama elfu nne. Piga hesabu, ni zaidi ya miaka mitatu ndio hela irudi. Kwa hiyo anayekuuzia Gold kwa maneno ya bili ya stima, mwache aendelee, lakini sababu yako iwe nyengine.

Mmesikia? Punda huyo. Simkati, ni mwanachama wa chaneli.

Tuje kwenye kitufe, ndicho kilichonikalisha hapa. Nageuza kasha... tazameni nyuma. Hapa unachomeka waya, hii swichi ya kuwasha, na hapa kando pana kitufe, Hybrid Mode, cha kuiruhusu feni isimame au kuilazimisha izunguke. Nimechana ukanda wa tishu, upana wa kidole, nimeubandika kwa selotepu juu ya wavu, unaning'inia, feni ikipuliza utainuka. Kasha nimeliinua kwa vipande viwili vya mbao, kwa sababu pawa saplai hii inavuta hewa kwa chini, na ukiliweka juu ya mkeka umeiziba pua.

Nawasha, Hybrid Mode ikiwa imewashwa. Kompyuta imefunguka, sifanyi chochote, nimefungua kivinjari tu. Tishu imelala. Haitikisiki. Naweka maikrofoni shubiri moja... mnasikia nini? Mimi nasikia feni ya prosesa kwa mbali, basi. Feni ya pawa saplai imesimama kabisa. Mzigo ukiwa mdogo, mpaka kama asilimia 30, na joto likiwa chini, haina haja ya kuzunguka.

Sasa natoa video, ya dakika kumi. Mzigo umepanda. Tishu bado. Bado. Ehee, hiyo! Imeinuka. Sauti yake si kubwa, ni kama mtu anavuta pumzi. Video ikiisha, itapunga kidogo, kisha itasimama. Nikitoa nyengine, itaanza tena. Na hapa Amu, wakati wa kaskazi, chumba hiki kinafika nyuzi 32, wakati ile alama ya 80 Plus inapimwa kwenye nyuzi 23. Joto likiwa hivi feni inawahi kuanza na inachelewa kusimama.

Mtaniambia, si ndiyo kazi yake? Ndiyo, na kila kampuni yenye feni ya kusimama iko hivyo. Tatizo ni sikio. Sauti ndogo ya moja kwa moja, sikio linaizoea, unaisahau. Sauti inayoanza na kukatika, kila mara unageuka. Na kwenye kuhariri ndio balaa: mvumo wa namna moja unauchukulia sampuli sekunde mbili, programu inausafisha wote. Mvumo unaoingia na kutoka katikati ya sentensi, hapo utakaa mpaka alfajiri.

Kwa hiyo nabonyeza. Sikilizeni, tik. Hybrid Mode imezimwa. Tishu imeinuka polepole, imebaki palepale, kama bendera ya asubuhi. Feni inazunguka saa zote kwa mwendo wa chini. Maikrofoni tena, shubiri moja... kuna mvumo, ndio, mwembamba, wa namna moja. Nikirudi shubiri mbili, haupo.

Mchana nikitoa video kitufe nakizima, feni inazunguka, joto linatoka. Usiku nikirekodi sauti, mzigo mdogo, nakiwasha, kimya kabisa. Nimewahi kuwa na moja isiyo na kitufe hiki, feni inaamua yenyewe, wewe ni mtazamaji tu. Corsair RMx nayo ni nzuri, feni yake husimama vilevile, na be quiet! wa Ujerumani wana nyingi ambazo feni haisimami, inazunguka taratibu tu. Ukinunua za be quiet! sitagombana na wewe. Lakini mimi nataka kuamua mwenyewe, na kitufe hiki kinaniachia.

Kuna mtu ataandika: na chumvi ya bahari je? Swali zuri. Feni ikizunguka saa zote inavuta hewa ya chumvi na vumbi saa zote. Ikisimama, joto linakaa ndani. Mimi nachagua kutoa joto, kisha napuliza vumbi kwa nje kila mwezi, stima ikiwa imechomolewa. Kwa nje! Usifungue sanduku. Kapasita zilizomo zinashika stima hata baada ya kuchomoa, na zinaua.

Jambo jengine kwa sisi wa visiwani na kule Malindi pia: hii inakubali volti 100 mpaka 240. Stima ikishuka jioni, taa zikawa za manjano, yenyewe inaendelea. Ukiona pawa saplai ina kiswichi chekundu cha 115 na 230 nyuma, hiyo ni ya zamani, na mtoto akikisukuma kwenye 115, utasikia mlipuko na harufu. Na wenye UPS, zile betri za akiba za stima ikikatika, za bei ya chini, zile zikiingia kwenye betri zinatoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazilipendi, zinazima. Jaribuni kabla ya kuzitegemea. Video ya UPS na ya sola zinakuja, ila wiki ya Maulidi sitatoa kitu, msinitafute. Jiandikisheni, gongeni kengele, mtaona zikija.

Wati ngapi? Mnapenda namba kubwa nyinyi. Kompyuta yangu haipiti 300 hivi, 650 inaniweka karibu na nusu, ndipo ufanisi ulipo juu. Mtu wa Word na WhatsApp kwenye kompyuta, 450 inamtosha na nafasi inabaki. Elfu moja waachieni wenye kadi kubwa kubwa. Dhamana ya hii ni miaka 10, lakini dukani wanataka risiti, na risiti za karatasi ya joto zinafutika kwa hali ya hewa yetu. Ipigeni picha siku hiyohiyo.

Na wale wa kompyuta za mtumba, za Dell OptiPlex na ndugu zake: simameni hapo. Nyingi hazina umbo la kawaida la ATX, wala plagi ya mazabodi si ile ya pini 24. Hii haitaingia. Fungueni kasha, pigeni picha ya plagi na ya lebo, nitumieni kwenye komenti kabla hamjanunua, nitawajibu mmoja mmoja.