Sufuria ya tatu: duka la Lyndale na mkanda wetu

Somo yangu wa Kisauni alinifunza mengi kabla sijafika miaka 20: udi unafukizwa vipi, shanga za kiunoni zinavaliwaje, kitambaa cha kujipangusia kinafuliwa lini. Yote ilikuwa ni kumtayarishia mume. Mume hakuja. Alikuja mwenzangu, binti wa Kakamega, tukakutana Brooklyn Park, Minnesota, huku Marekani, kwenye zamu ya usiku ya kulea wazee. Sasa hapo somo alikuwa hakusema kitu.

Kwa hivyo tulianza kwa kukosea. Kwenye duka moja la intaneti tuliagiza uume bandia wa dola 19, rangi ya waridi, laini kama jeli, unaonuka pazia jipya la bafu. Mwenzangu akawashwa siku mbili. Baada ya miezi kwenye droo ukaanza kutoa jasho la mafuta, ukagandana na kasha lake. Nyuma ya kasha, kwa herufi za sisimizi, pameandikwa kwamba kitu hicho ni cha mzaha tu. Dola 19 za mzaha!

Ile ni plastiki ya PVC iliyolainishwa kwa kemikali ziitwazo fthaleti. Marekani ilizibana kwenye vitu vya watoto kwa sheria ya 2008. Vya wakubwa havimo kwenye sheria hiyo, mtu ajichungie mwenyewe.

Ndipo tukaenda Smitten Kitten, duka la vifaa vya mapenzi, Lyndale Avenue, kusini mwa Minneapolis. Jennifer Pritchett na mwenzake walilifungua 2003, na 2005 Pritchett akaanzisha kampeni ya kupinga vifaa vyenye sumu, kwa sababu yeye mwenyewe aliletewa mzigo unaovuja mafuta kama wetu. Gari tuliliacha mtaa wa pili. Wakenya wa Minnesota ni wengi, na nusu yao nawajua kwa kanisa la mwenzangu.

Nilidhani muuzaji atauliza nani kati yetu ndiye mwanamume. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la kumkata. Akauliza nani angependa kuvaa kifaa kiunoni, au sote kwa zamu, na nini tumewahi kupenda. Kisha akatupa vya mfano tuvishike. Shika, binya, nusa: kitu cha silikoni safi hakina harufu wala hakinati mkononi. Kioo kigumu na chuma cha pua navyo ni salama, ila ni baridi, na Januari ya huku sihitaji baridi zaidi.

Mkanda wa kiunoni, ule unaoshikilia kifaa, ndio uliotuchukua saa nzima. Kuna unaovaliwa kama boksa, rahisi, lakini kwa kiuno changu cha Kipwani unalegea. Tukachukua wa mikanda miwili inayopita chini ya makalio, kitambaa cha kuvutika, unaofuliwa kwa mashine. Jambo la kuangalia ni pete ya mbele. Ikiwa pana kuliko kitako cha kifaa, kinachomoka katikati ya shughuli. Ikiwa finyu kuliko shina la kifaa, hakiingii. Pima shina na kitako, usipime kwa jicho. Na saizi, jamani, jicho lina tamaa kuliko mwili. Muuzaji alitushusha namba moja na alikuwa na haki.

Shoga yangu mmoja (shoga kwa maana ya mtaani; kwa maana ya bibi yangu, mashoga zangu ni nyinyi wanawake mnaosoma) alinipigia nikiwa dukani nimuulizie na yeye na mpenzi wake. Jibu: chochote cha nyuma lazima kiwe na kitako kipana, maana misuli ya huko huvuta ndani na hairudishi. Nimefanya kazi hospitali, picha za eksirei nimeziona. Halafu kilainishi kingi, kwa sababu huko hakujilainishi kwenyewe.

Kilainishi kiwe cha maji kama kifaa ni cha silikoni. Cha silikoni huweza kukiharibu. Na mafuta ya nazi, ambayo sisi Wapwani tunatia kila mahali, hupasua kondomu ya mpira. Kondomu ya nini kwa wanawake wawili? Ya kuvisha kifaa, mkibadilishana. Vua hii, visha nyingine, au kichemshwe kwanza.

Jumla tulilipa dola 210 na ushee. Inauma. Mwaka wa tatu huu, silikoni iko kama siku ya kwanza.

Wa nyumbani huniomba niwabebee. Sibebi. Vifungu 162 na 165 vya sheria ya jinai ya Kenya, vinavyotumiwa dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, Mahakama Kuu ilivibakisha Mei 2019, na uwanja wa ndege wa Moi begi hufunguliwa mbele za watu. Kilainishi kinapita, kinaonekana losheni.

Kuhusu kuchemsha: silikoni isiyo na mota, dakika tano, maji yanayotokota. Tulinunua sufuria ndogo ya kazi hiyo, tukaificha nyuma ya zile mbili za jikoni. Kisha akaja shangazi wa mwenzangu kutoka Kakamega, wiki tatu. Asubuhi ya kwanza namkuta jikoni, sufuria ya tatu iko motoni. Akasema katika sufuria zetu zote hiyo ndiyo safi, mayai yake yanaiva vizuri.

Mimi na mwenzangu tulikula mkate mtupu.