Nusu siku ya kurambaza Watamu: chagua maji kwanza, boti baadaye

Safari ya nusu siku ya kurambaza, yaani kuvua kwa kukokota chambo nyuma ya boti, mwambani Watamu, kusini kidogo ya Malindi, inastahili pesa yake endapo haikuuzwa kama safari ya siku nzima iliyokatwa katikati. Boti huondoka mnamo saa 12 asubuhi na kurudi saa 5. Nahodha akikimbilia kilindini kutafuta nduaro, sehemu kubwa ya muda huo inaliwa na mwendo. Anayeijua kazi hushusha mishipi mara tu anapotoka mlangoni, yaani kwenye upenyo wa mwamba unaotokea bahari kuu, na kuufuata ukingo wa mwamba kwenye kina cha mita 20 hadi 50. Hapo ndipo kwenye nguru, kolekole, mzia na sehewa.

Jambo wasilolieleza wauzaji wengi ni maji. Mwezi ukiandama au ukipevuka, pwani hii maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na kupwa mnamo saa 4 asubuhi. Ukitoka siku hiyo utavua vizuri mwanzoni, kisha maji yatasimama ungali kazini, na mlango utakuwa na maji haba wakati wa kurudi. Siku tatu au nne baadaye ni bora zaidi: unatoka maji yamejaa, yanapwa muda wote unaovua, na vidagaa wanasukumwa hadi ukingoni ambako samaki wakubwa wanawasubiri. Kwa upande wa msimu, kaskazi ya Novemba hadi Machi ndiyo nafuu. Mei hadi Julai kusi huchafua bahari, na boti nyingi hupandishwa ufukweni.

Kabla ya kulipa, omba kuona vifaa. Mshipi wa kilo 15 unatosha kabisa kwa samaki wa mwambani, na mshipi mnene wa kilindini unakunyima raha. Mbele ya chambo lazima kuwe na waya wa sentimita 30 hadi 50, kwa sababu nguru hukata nailoni kwa meno mara moja tu. Pitisha ncha ya ndoana juu ya kucha ya kidole gumba: ikiteleza bila kukwama, ni butu. Breki ya mashine ya kuzungushia mshipi ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza, na ianze kuachia mshipi kwenye kilo 4 hivi. Nahodha anayepima kwa kuvuta mshipi kwa mkono anabahatisha.

Kasi nayo huwatofautisha mabaharia. Rapala (samaki wa bandia) yenye mdomo wa kuzamia hufanya kazi vizuri kwenye noti 5 au 6, yaani maili za baharini kwa saa. Ikikokotwa kasi zaidi huibuka juu, hujizungusha na kuusokota mshipi wote. Vipweza vya bandia vyenyewe hutaka noti 7 au 8, kwa hiyo kuchanganya vyote viwili kwa wakati mmoja kunaharibu kimojawapo. Mwani ukiwa mwingi, mishipi ivutwe na kukaguliwa kila dakika kumi. Ujani mdogo tu kwenye ndoana unatosha kuua mchezo wa chambo, na unaweza kukokota takataka saa nzima ukidhani bahari haina samaki.

Samaki akishika, boti isizimwe ghafla. Ikisimama, mshipi hulegea na ndoana hutoka. Mwendo upunguzwe taratibu huku mishipi mingine ikivutwa ndani. Inua rodi polepole, ishushe huku ukizungusha mashine, na usizungushe wakati samaki anavuta mshipi kwenda nje. Kosa linalopoteza samaki wengi ni mgeni kukaza breki katikati ya vuta nikuvute. Akishika sulisuli, awekewe alama na kuachiwa. African Billfish Foundation, yenye makao hapo hapo Watamu, ndiyo inayokusanya taarifa za alama hizo.

Mishipi isishushwe ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Watamu, iliyotengwa tangu 1968, hata kama nahodha anasema ni kupita tu. Uliza pia kama bei ni ya boti nzima au ya kila mtu, kama mafuta yamo, na samaki ni wa nani. Usipouliza, mara nyingi samaki hubaki kwa boti.

Ukipewa samaki wako, angalia barafu. Joto hili linataka kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Jodari na sehewa wachinjwe nyuma ya pezi la ubavuni, damu itoke, kisha waingie kwenye barafu papo hapo. Wakiachwa juani hutengeneza histamini, sumu isiyoondoka hata ukiwapika vipi, na mlaji huvimba uso na kuumwa kichwa muda mfupi baada ya kula. Boti isiyo na sanduku la barafu lililojaa saa 12 asubuhi, usiipande.