Logitech G305: tathmini ya kipanya cha gemu kisicho na waya

Anayeingia dukani kutafuta kipanya cha kuchezea gemu hukutana kwanza na namba ya DPI, ambayo mara nyingi huchapishwa kwa maandishi makubwa kuliko jina la kipanya chenyewe, na muuzaji naye huishikilia namba hiyo hiyo anapotetea bei. Logitech G305, kipanya kisicho na waya kilichotoka mwaka 2018 na ambacho bado kinatafutwa na wachezaji wengi, kimeandikiwa DPI 12,000. Nakipenda kipanya hiki na ninakipendekeza, ila namba hiyo haimo kabisa miongoni mwa sababu zangu.

DPI ni idadi ya hatua ambazo kipanya huiarifu kompyuta kila kinaposogezwa inchi moja, yaani sentimita 2.54. Kwenye skrini yenye upana wa pikseli 1,920, ukiweka DPI 12,000 kishale huvuka kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia kwa mkono kusogea milimita 4 tu, na sijui mkono wa nani utakaoweza kulenga shabaha ndogo kwa mwendo wa namna hiyo. Kwa DPI 800 safari hiyo hiyo huchukua sentimita 6 na kidogo. Wengi wanaocheza gemu za kufyatua risasi kwa kiwango cha mashindano huweka vipanya vyao kati ya DPI 400 na 1,600, kwa hiyo namba zinazozidi hapo mnunuzi hulipia bila kuzitumia. Tena baadhi ya vipanya vya bei rahisi visivyo na jina huifikia namba kubwa kwa kuzidisha kimahesabu kile ambacho kihisi, yaani jicho la kipanya lililo chini yake, kimekiona, jambo ambalo huongeza mtikisiko wa kishale badala ya usahihi.

Ubora wa G305 uko kwenye uaminifu wa kihisi chake, kinachoitwa HERO. Kina uwezo wa kufuatilia mkono unaokwenda kasi ya inchi 400 kwa sekunde, ambayo ni takriban mita 10, na hakiongezi chumvi yoyote katikati: mkono ukienda sentimita moja, hesabu inayofika kwenye kompyuta ni ya sentimita moja, uwe umekwenda polepole au kwa ghafla. Mtu yeyote anaweza kulihakikisha hilo nyumbani. Laza kitabu kizito juu ya meza, uegemeze ubavu wa kushoto wa kipanya kwenye ukingo wake, kisha ndani ya gemu uielekeze alama ya kulengea kwenye doa fulani ukutani. Vuta kipanya kulia kwa kasi kadiri uwezavyo, halafu ukirudishe taratibu, bila kukiinua, mpaka kiguse kitabu tena. Kihisi kizuri huirudisha alama pale pale kwenye doa, na G305 hufanya hivyo. Kihisi kibovu huiacha pembeni, na kadiri unavyorudia ndivyo inavyozidi kupotea. Kabla ya jaribio hilo, fungua mipangilio ya kipanya kwenye Windows na uondoe alama ya tiki kwenye "Enhance pointer precision", kwa sababu mpangilio huo hubadilisha mwendo wa kishale kulingana na kasi ya mkono, na ukiachwa unaweza kukufanya ukilaumu kipanya kisicho na kosa.

Kipanya kikishakuwa cha kuaminika, kazi inayobaki ni kuchagua umbali ambao mkono utasogea ili mhusika wa gemu ageuke, na hapa ndipo wachezaji wengi hujinyima maendeleo kwa kubadilisha mipangilio kila wanapofungwa. Katika Counter-Strike 2, gemu ya kufyatua risasi, kwa DPI 800 na usikivu (sensitivity) wa 1 ndani ya gemu, mhusika hugeuka mzunguko mzima kwa mkono kusogea sentimita 52; usikivu ukiwa 2, mzunguko huo huo hukamilika kwa sentimita 26. Namba ya kwanza hutoa utulivu mkubwa wa kulenga lakini hudai mkeka wa kipanya ulio mpana na mkono unaosogea kuanzia kwenye kiwiko, na anayecheza kwenye meza ndogo, kompyuta mpakato ikiwa imechukua nusu yake, hataipata nafasi hiyo. Kwake yeye sentimita 26 hadi 35 ni chaguo la busara zaidi. Ukishachagua, kaa na umbali huo kwa majuma kadhaa, kwani misuli hujifunza umbali, na haiwezi kujifunza umbali unaobadilika kila jioni.

Umbo la G305 lina urefu wa milimita 116.6, upana wa milimita 62 na kimo cha milimita 38, vipimo ambavyo vinakiweka kwenye kundi la vipanya vidogo. Anayekishika kwa ncha za vidole, au kwa kukunja vidole huku nyuma ya kiganja ikigusa tu mgongo wa kipanya, atakifurahia sana. Mwenye mkono mkubwa anayependa kulaza kiganja chote atajikuta kidole cha pete na kidole kidogo vikiburuta mkekani, na baada ya saa moja ataanza kuubana ubavu wa kipanya kwa nguvu isiyohitajika. Namshauri mtu huyo atazame Razer DeathAdder Essential, chenye urefu wa milimita 127 na umbo lililoinuliwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Kina waya na DPI yake huishia 6,400, nayo inatosha. Wanaotumia mkono wa kushoto wajue kwamba G305 ina pande mbili zinazofanana kwa umbo, lakini vitufe vya ubavuni viko upande wa kushoto pekee, ambako dole gumba lao halifiki.

Jambo ninalolithamini kuliko yote kwa mchezaji wa kwetu ni betri. G305 hutumia betri moja ya AA, ile ile inayotiwa kwenye saa ya ukutani, na mtengenezaji ameihesabia hadi saa 250 za kucheza mfululizo ikiwa katika hali yake ya kasi ya juu. Hakuna waya wa kuchajia wa kutafuta wala betri ya ndani itakayochoka baada ya miaka na kukilazimisha kipanya kizima kutupwa. Umeme ukikatika, ukiwa na kompyuta mpakato, kipanya hakiongezi shida juu ya shida. Betri ikiisha usiku, duka la jirani linayo. Gharama ya uhuru huo ni uzito. Kipanya kikiwa na betri yake kina gramu 99, na kwa kuwa betri imekaa nyuma, mtu anapokiinua ili kukirudisha katikati ya mkeka huhisi kisogo chake kikivutwa chini. Betri ya kawaida ya alkali ina gramu kama 23, ya lithiamu ina takriban 15, na tofauti hiyo ya gramu 8 huhisika mkononi mara moja. Betri za lithiamu haziko kila duka na bei yake iko juu, lakini hudumu muda mrefu zaidi, hivyo naona zinalipa. Za kuchajiwa nazo hufanya kazi, ingawa kwa kawaida ni nzito kuliko za alkali. Unaposafiri au kukiweka kipanya kando kwa muda mrefu, toa betri, kwa maana betri dhaifu huvuja na maji yake hula vyuma vinavyoigusa.

Kuhusu hofu ya kwamba kipanya kisicho na waya huchelewa, kwa G305 hofu hiyo haina msingi. Hutuma taarifa mara 1,000 kwa sekunde kupitia kipokezi chake kidogo cha USB, sawasawa na kipanya cha waya. Anayecheza akiwa Dar es Salaam au Nairobi kwenye seva za Dubai au Johannesburg tayari anasubiri makumi ya milisekunde kwa sababu ya umbali wa mtandao, na hakuna kipanya kitakachompunguzia hizo. Kinachoweza kuharibu mawasiliano ni mahali kipokezi kilipochomekwa. Tundu la USB 3.0 linapofanya kazi, kwa mfano diski ya nje ikiwa imeunganishwa karibu, hutoa kelele za redio kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4, na kishale huanza kurukaruka. Ndani ya boksi mna waya wa kurefushia. Utumie kukileta kipokezi juu ya meza, umbali wa sentimita 20 hivi kutoka kwenye kipanya, na tatizo huisha.

Vitufe ni sita, mibofyo ya viwili vikuu ni mikavu na myepesi, na gurudumu lina vituo vinavyohisika wazi wakati wa kubadilisha silaha. Mipangilio hufanywa kwa programu ya G HUB, kisha huhifadhiwa ndani ya kipanya chenyewe, kwa hiyo anayekwenda kucheza kwenye ukumbi wa gemu huibeba DPI yake bila kusakinisha chochote kwenye kompyuta ya watu. Mataa ya rangi hayapo, na betri inashukuru.

Kwa asiye na bajeti ya kutosha, Logitech G203 ina karibu umbo hilo hilo, gramu 85 bila kuhesabu waya, na DPI hadi 8,000, kwa bei iliyo chini sana. Waya wake wa mita 2.1 ufungwe vizuri kwenye ukingo wa meza usivute mkono. Kwa chochote kati ya hivi viwili, omba kifunguliwe na kuchomekwa hapo hapo dukani, bofya kila kitufe taratibu ukitazama kama bonyezo moja linahesabiwa mara mbili, zungusha gurudumu juu na chini, na kama ni G305 fungua kifuniko cha mgongoni uone kama kipokezi kimo kwenye nafasi yake kando ya betri, maana kipanya hiki hakina Bluetooth, na bila kipokezi hicho hakiwezi kuunganishwa na kompyuta.