Kwa Fundi Ticha, Majengo Moshi: nendeni ila msiende na haraka zenu

Nilikuwa na sendofu ya mdogo wangu, kitenge cha sare yadi 6 kimelala kabatini, na fundi wangu wa siku zote kashaniharibia nguo mbili (simtaji, tunaonana kanisani). Shoga yangu akaniambia nenda Majengo ulizia kwa Ticha. Mi nikajua jina la utani tu, kumbe baba wa watu alikuwa anafundisha kemia sekondari kabisa huko Bukavu, Kongo, mkewe ndo wa huku kwetu Kibosho, wakahamia na watoto watatu, vyeti vyote Kifaransa, na sekondari za huku kemia inafundishwa kwa Kiingereza. Chake anasema kilikuwa cha kuombea maji.

Sasa mtoto mkubwa anaingia kidato cha kwanza. Ada shule za serikali ilifutwa tangu 2016 sawa, ila sketi, viatu, madaftari, godoro la bweni nani ananunua? Baba akiwa na miaka 41 akaenda kukaa kwenye kibaraza cha mafundi mjini, anafundishwa na vijana rika la wanafunzi wake, miezi anakaza vifungo na kupiga pasi ya mkaa. Nguo yake ya kwanza ilikuwa sketi ya shule ya huyo binti, marinda mengine mapana mengine membamba, mtoto akaivaa hivyo hivyo muhula mzima, na mpaka leo wakikwaruzana anamkumbusha babake ile sketi.

Kazi yake sasa. Siku ya kwanza aligoma kukata. "Mama, enda utumbukize mu maji kwanza, kesho ulete." Nikanuna, lakini ana haki, hizi pamba ukizishona bila kuloweka ukifua mara moja gauni linarudi linakuwa la mdogo wako. Kupima anapima mara mbili, anaandika kwenye kaunta buku kwa mistari na rula, akaniambia bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto, miaka yote hii hakuna fundi aliyewahi kuniambia na nikienda kwenye kioo naliona kweli! Maua ya mgongoni yamekutana pale kwenye zipu utadhani kitambaa hakijakatwa. Ndani ya mishono kaacha inchi nzima kila upande, namuuliza ya nini, anasema ni ya Desemba, "huku kwenu munakulaka sana." Nimecheka ila hajakosea.

Kasoro zipo. Mkono ulibana kwapani, akanionyesha daftari kwamba kipimo kiko sahihi, mi nikamwonyesha mkono haunyanyuki na sendofu kuna kucheza. Tukabishana kidogo kisha akafumua yote akarudia bure, sema iliniongezea siku mbili, jumla ikawa siku 9. Simu hapokei akiwa na mkasi, ujumbe anajibu usiku. Na kubwa kuliko zote, saa 11 jioni cherehani inazimwa, wanae wanafungua madaftari na watoto wa majirani nao wanajaa, mteja unasubiri. Nimekaa dakika 40 namsikiliza akiwafundisha valensi ya kemia, nikagundua mambo niliyokariri kidato cha pili sikuwahi kuyaelewa, leo ndo nayaelewa nikiwa nasubiri gauni.

Bei nililipa elfu 35 pamoja na bitana, nusu unatanguliza. Kuna wa bei chini ya hapo wengi tu, ila bitana yao ndo ile inayochungulia chini ya pindo. Desemba na Januari msimsumbue, amezama kwenye sare za shule na hapokei gauni la mtu hata umpigie magoti.

Nampa nyota nne, ya tano nimeinyima kwa ajili ya ile simu. Na ukienda jioni beba kiti chako, benchi ni la wanafunzi.